Kiapo Kisicholiwa

Wiki iliyopita nilikuwa jikoni kwenye shule ya chekechea ninakopikia hapa Jeddah, simu ikalia ndani ya mfuko wa aproni. Msichana nisiyemjua akaniambia, kwa Kiingereza kile cha kuimbaimba, kwamba shangazi yake Nuala amefariki akiwa kitandani mwake, na kwamba jina langu lilikuwa kwenye karatasi ya watu wa kuarifiwa. Nikamshukuru, nikazima moto chini ya dengu, nikaketi juu ya gunia la mchele mpaka msaidizi wangu akaniuliza kama nimeshikwa na presha. Nuala alikuwa madam wangu kwa mwaka mmoja tu. Nimepikia watu wengi tangu hapo, wengine miaka sita, saba, na nikipita mbele ya nyumba zao leo sigeuzi shingo. Lakini ule mwaka mmoja wa Malaz, kule Riyadh, naujua chumba kwa chumba. Nilikuwa sijafika miaka thelathini, mdomo wangu ulikuwa mkali kuliko ulivyo sasa, na nilidhani hakuna jambo la Wazungu linaloweza kunihusu.

Nilifikaje Saudia, na niliacha nani nyumbani, si hadithi ya leo. Kila Mkenya aliyepanda ndege ile anayo yake. Mtu wa ofisi ya ajira aliniambia nahamishiwa kwa Waairishi, mume na mke, wazee, hawana shida. Mimi neno hilo nililijua kwa viazi tu. Kwetu mlimani viazi vya kawaida huitwa Airishi, na haki ya Mungu nilidhani nakwenda kwa watu wenye biashara ya viazi. Nilipofika nikamwuliza mzee shamba liko wapi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanipeleka jikoni, akafungua kabati la chini, na ndani kulikuwa na gunia zima la viazi, basi nikaona sikukosea sana.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya dobi, na mvuke wa pasi ulipanda mpaka kwenye dirisha la jikoni ukanukia nguo safi mchana kutwa. Mzee aliitwa Fergal, alifundisha mitambo kwenye chuo kimoja, na mwenye chuo ndiye alikuwa kafili, mdhamini wa vibali vyetu sote watatu. Nilimwita Baba, kwa sababu nyumba ya Wasaudi niliyotoka mwenye nyumba huitwa baba na mkewe madam, na ulimi ulishazoea. Mara ya kwanza aligeuka nyuma aone ni nani anaitwa. Hawakujaliwa mtoto. Hakunikataza, na nikazidi kumwita hivyo. Madam naye alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka, na alikuwa na mchezo wake mmoja: orodha zangu za sokoni, ambazo niliziandika kwa Kiswahili, alipenda kuzisoma kwa sauti kabla ya kutoka. Vitunguu. Dania. Mafuta ya kupikia. Nilimfundisha mara moja tu kwamba Kiswahili hakina ujanja, unasoma kilichoandikwa, na tangu siku hiyo akawa anasoma bila kuelewa kitu, kisha ananiuliza, "Hii ni mboga gani, Wanja?" hata kama ni sabuni.

Ijumaa ndiyo ilikuwa Jumapili yetu. Mchana madam alipiga simu kwao, kwa mama yake, ajuza wa miaka tisini aliyekuwa bado anajitekea maji ya chai mwenyewe. Mazungumzo yale niliyasikia kila wiki nikiwa naosha vyombo, na yalikuwa na mwisho mmoja. Mama aliuliza jambo, madam akajibu, "Bado, mama. Bado hawajasema." Mwezi wangu wa pili nikauliza. Madam akanionyesha picha ya kijana mwenye masikio makubwa. Ni kaka yake mdogo, Kieran. Alikuwa na miaka kumi na tisa alipochukuliwa barabarani na watu wa jeshi la siri, watu wa kwao wenyewe, waliokuwa wakipigana kuwatoa Waingereza. Walisema alikuwa anapeleka habari kwa adui. Wakamuua, wakamzika mahali pasipojulikana, na hiyo ilikuwa karibu miaka ishirini na mitano kabla ya mimi kuijua sura yake. Sasa huko kwao silaha zilikuwa zinawekwa chini, na wale watu walikuwa wameahidi kuonyesha makaburi ya waliofichwa. Makaburi kadhaa yalikuwa yameonyeshwa. La Kieran hakuna aliyelijua, au aliyelijua alinyamaza. "Mama hataki kesi," madam akaniambia. "Hataki kujua hata nani. Anataka kumzika tu kabla hajazikwa yeye."

Kuhusu lile jeshi, mwalimu wangu alikuwa Baba mwenyewe. Alirudi saa nane, akavua viatu, akaketi kwenye kiti cha jikoni nikimenya viazi, na akaongea. Hapo ndipo niliposikia mara ya kwanza kwamba Mzungu anaweza kutawaliwa na Mzungu mwenzake, na sikuamini. "Baba, Waingereza waliwatawala nyinyi? Kwani hamfanani?" Akasema, "Tunafanana sana. Ndiyo maana ilichukua muda kuwatambua." Aliniambia jinsi ardhi ilivyochukuliwa, na njaa iliyokuja viazi vilipooza, na jinsi babu wa babu yake alivyofungwa kijiti shingoni shuleni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Kisu kikasimama mkononi mwangu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimevishwa kibao shingoni darasa la tatu kwa kuongea lugha ya kwetu. Nikamweleza juu ya watu wetu wa msituni, bibi yangu akiwapelekea chakula ndani ya mtungi wa maji, na akaniuliza maswali kama mtu anayeuliza habari za binamu zake. Wao hawakuwa na msitu, alisema, Waingereza walikata miti yote. Walijificha kwenye mazizi. Akaniambia jinsi jeshi lile lilivyopigana zamani likapata nusu ya mkate, wengine wakatosheka na nusu, wengine wakakataa, wakageuziana bunduki, na jinsi wale waliokataa nao walivyogawanyika tena na tena. Kisha, ujana wake yeye, nyumba za watu wao zilipoanza kuchomwa, jeshi likaamka upya na vijana wakajiandikisha kwa vikundi. "Na wewe?" nikamwuliza. Akatazama viazi. "Nilikuwa na miaka ishirini," akasema.

Sasa sikilizeni. Rafiki yake mmoja wa utotoni alifanya kazi Jeddah, kwenye kampuni ya mabomba, jina lake Malachy, mimi nikamwita Bwana Malaki kama nabii. Alikuja Riyadh kwa shughuli za ikama yake, kibali cha kukaa, akala kwetu mchana. Madam alikuwa amekwenda kwa daktari wa meno. Nilikuwa nakaanga vitunguu na mlango wa jikoni uko wazi, na Waarabu wanasema ukuta una masikio, lakini ukuta hauna mpishi Mkenya aliyesoma mpaka kidato cha nne kwa Kiingereza. Baba alisema, "Ana miaka tisini, Malaki. Kila Ijumaa anauliza." Mwenzake akajibu, "Uliapa. Na mimi niliapa. Tuliinua mkono pamoja." Baba akasema, "Sikufyatua risasi mimi. Nilishika sepetu." Malaki akasema, "Basi nyamaza kama sepetu." Wakaanza kuongea habari za mpira.

Vitunguu vikaungua. Huyu mtu alikuwa amemzika shemeji yake. Alikuwa amemwoa Nuala miaka miwili baada ya hapo, akijua, na kila Ijumaa alikaa mita tatu kutoka kwenye simu akisoma gazeti. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako; wangeongeza kwamba kinakaa na wewe mezani na kuomba chumvi. Nilikasirika hivi kwamba nilimpelekea viazi vibichi siku tatu mfululizo, vya nje vimeiva, vya ndani vinalia menoni. Madam nilimwivishia vyake. Siku ya nne Baba akaja jikoni na sahani yake.

"Wanja, nimekosa nini?"

Na hapo ndipo Kiingereza changu, ambacho kilikuwa kizuri lakini kilisafiri kwa mgongo wa Kiswahili, kikanitoka vibaya. Kwetu mtu hula kiapo. Basi nilitaka kumwuliza kiapo kile kilikuwa cha namna gani, nikamwuliza, "Siku ile wewe na Malaki, mlikula nini?"

Akaweka sahani chini. Hakuuliza nimejuaje. "Kula?"

"Kiapo. Mlikula nini? Nyama? Damu? Udongo?"

"Hatukula kitu. Tuliinua mkono, tukasema maneno."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Basi hakiko tumboni," nikamwambia. "Bibi yangu alikula kiapo cha msituni, akakila hasa, kwa mdomo. Vita vilipokwisha wazee walimtapisha, kwa sababu kilicholiwa hutapikwa. Wewe chako kiko wapi? Utakitoa wapi?"

Alikaa kwenye kiti chake cha kila siku. Aliniambia kwamba aliwahi kumwambia padri, zamani, na padri alimsamehe kabla hata hajamaliza kueleza, na kwamba msamaha ule haukugusa kitu. Kumwambia Nuala ni kumpoteza Nuala. Kunyamaza ni kumwona yule ajuza akifa na swali mdomoni. Nilimjibu kwamba kwa upande wangu naona hesabu rahisi, na akasema ndiyo, wewe ni kijana. Hasira yangu haikuisha siku hiyo, lakini nilimpokonya ile sahani nikamchemshia viazi vingine, kwa sababu mimi sikulelewa hivyo.

Ilipofika Idi ya kuchinja, yeye ndiye aliyenijia. "Hao wazee wenu," akasema, "wanamtapishaje mtu?" Nikamwambia wacha mzaha. Akasema si mzaha. Nikamweleza kwamba mimi si mzee wa kilinge, ni mwanamke, na msichana juu yake. Nyumbani ningetozwa mbuzi kwa ufedhuli huo. Akanijibu kwamba hapa ni Malaz, mzee wa kilinge mafi, hayupo. Basi siku ya pili ya Idi majirani wa chini walipochinja kondoo uani, nikaomba tumbo. Mchinjaji akacheka. Ndani ya tumbo mna yale majani yaliyosagika, mabichi, ya kijani, sisi twayaita tatha, na ndiyo dawa yenyewe. Mitishamba ya kwetu sikuwa nayo, nikachanganya na jirjiri, mboga chungu ya majani ya sokoni Dirah, na limau, nikiomba mababu waniwie radhi.

Tulipanda juu ya paa asubuhi, madam akiwa ametoka kutoa salamu za Idi kwa walimu wenzake Baba. Jua lilikuwa tayari kali. Mzee yule wa miaka hamsini na kitu, mwenye shahada na tai, akachuchumaa kati ya matangi ya maji, nami nikashika bakuli la plastiki nililokuwa nakandia unga. "Lamba, tema, sema," nikamwambia. "Niseme nini?" "Kilichomo." Akalamba, akatema. Mara ya pili akasema, "Kieran." Mara ya tatu akasema kwamba kijana alimtambua, alimwita kwa jina. Mara ya nne akasema mahali. Alisema kwa lugha yao ya zamani, kwa sababu, alinieleza baadaye, bwawa lile la nyasi na matope halina jina la Kiingereza, ni watu wa pale tu wanaoliita hivyo. Halafu akataja lango la mawe, na hatua arobaini, na kichaka cha miiba. Mimi nilikuwa na orodha ya sokoni mfukoni na penseli, nikaandika nyuma yake kwa kuwa niliogopa kusahau. Niliandika nilivyosikia: Kurakha daa hoba. Kwa ile "kha" nawashukuru Waarabu, koo langu walishalitengeneza.

Kwetu huitwa kutapishwa, lakini mtu hutema tu. Baba alitapika kweli, mpaka chai ya asubuhi. Nikamshika paji la uso kama mtoto. Alipotulia aliuliza, "Kisha?" Nikamwambia, "Kisha unakwenda kwa mwenye maiti yake." Akasema atamwambia. Ila lazima amwambie Malaki kwanza, kwa kuwa waliinua mkono pamoja, na likizo ilikuwa bado wiki mbili, tutakwenda sote Jeddah kwa gari. Nikaosha bakuli mara tatu kwa maji ya moto, na kesho yake nikanunua jingine.

Barabara ilijaa mabasi ya mahujaji wanaorudi. Madam alikaa mbele akimenya machungwa na kumlisha Baba akiendesha, kipande kwa kipande, na mimi nyuma nilitazama dirishani ili nisione. Kwa Malaki kulikuwa na fenicha za ngozi zinazonata na unyevu wa Jeddah uliofanya chumvi iwe uji. Baba aliongea naye jioni ile ile kwenye baraza. Sikusikia yote. Nilisikia Malaki akisema, "Ukifungua mdomo, wewe si ndugu yangu, na yeye hatakuwa mke wako. Chagua utabaki na nani." Siku ya kwanza ikapita. Ya pili madam alikuwa na kichwa kinauma, si vizuri kumwambia mgonjwa. Ya tatu ilikuwa Ijumaa, na Baba aliketi na gazeti. Nilimwona anageuza ukurasa, nikajua jambo limekwisha. Atakufa nalo, na ajuza atakufa bila hilo.

Mifupa ilipatikana, nalisema sasa ili msomaji asikae roho juu. Ilipatikana miezi miwili baadaye, hatua arobaini na tatu, kwa kuwa hatua za kijana ni ndefu. Na nililolifanya lilinigharimu, nilijua litanigharimu. Madam akiondoka nyumba ya Malaz imekufa. Mwanamke mgeni hawezi kukaa chini ya paa moja na mwanamume asiye na mkewe ndani. Ningerudi kwa ofisi ya ajira na begi langu nikaombe kafili mwingine kama maskini. Nililia kidogo juu ya samaki wa Malaki, nasema wazi. Niliipenda nyumba ile. Niliwapenda wote wawili, na yeye Baba pia, huyo huyo.

Madam akaingia jikoni amevaa abaya, mkono mbele. "Orodha, Wanja."

Nikampa ile niliyoandika juu ya paa.

Akaishika upande wa penseli, akaanza kwa sauti yake ya mchezo. "Kurakha daa hoba. Hii ni mboga gani?"

Nikaendelea kupara samaki. Akasoma tena, akitabasamu bado, polepole kidogo. "Kurakha... daa hoba." Mara ya tatu alilisema si kama mtu anayesoma. Alilisema kama mtu wa pale. Baadaye alinieleza ni bwawa la visima viwili, walikokuwa wakikata udongo wa kukausha na kuchoma kama kuni wakiwa watoto, na kwenye ramani zote zilizotumika kutafuta makaburi halipo, au lipo kwa jina lililoandikwa na Mwingereza asiyesikia. Lakini hapo jikoni hakueleza kitu. Aliweka kidole chake kwenye mstari wa pili. "Hatua arobaini. Hatua ni nini?"

Nikapiga hatua moja sakafuni, nikamwonyesha.

"Nani alikuambia jina hili?"

"Mkono ni wangu, madam. Maneno ni ya Baba."

Alivua abaya, akaikunja vizuri, mara nne, akaiweka juu ya friji. Akatoka. Nilimfuata mpaka mlangoni. Malaki alisimama, akaona karatasi, akaenda kwenye baraza akafunga mlango wa kioo. Madam hakupiga kelele. Alimwuliza mumewe jambo moja, "Ni kweli?", na Baba akasema ni kweli. Akamwuliza, "Tangu kabla ya harusi?" Akasema tangu kabla ya harusi. Gazeti lilikuwa bado mapajani mwake. Madam akakaa kwenye mkono wa kochi, mbali naye, akavuta simu, akazungusha namba zile ndefu bila kukosea hata moja.

"Mama," akasema. "Mama, kaa chini. Tumejua yuko wapi." Akalitaja lile jina. Akalirudia, kwa kuwa ajuza hasikii vizuri. Kisha akaibana simu sikioni, na mimi nikadhani simu imekatika, au moyo wa yule mama umekatika. Madam akafunika mdomo wa simu kwa kiganja. Macho yake yalikuwa kwa Baba, na ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu alipoketi.

"Anauliza kama alikuwa amevaa koti," akasema. "Anasema ilikuwa baridi wiki ile."

Hakungoja. Akamnyooshea simu. Baba akainuka, gazeti likaanguka, akaipokea kwa mikono miwili kama tunavyopokea kitu cha mkubwa.

"Alikuwa nalo, mama," akasema. "Na langu nililitandaza juu yake." Kisha akabaki amesimama na simu sikioni, anasikiliza, anaitikia ndiyo, ndiyo mama, ndiyo, na mpaka leo sijui aliambiwa nini.